Mfupa Mmoja Uliopungua

Temeke,
Dar es Salaam.
Jumatatu, asubuhi.

Dada yangu Anastasia,

Shikamoo. Huku kwetu ni wazima. Wifi yako kifua kimemwachia, watoto wanakwenda shule, na Yustina wako anakula vizuri. Naamini mguu wako umepata nafuu, na kwamba bomba la kijiji kipya bado linatoa maji, msirudie tena kule kuteremka bondeni alfajiri na ndoo.

Barua yako niliipata Alhamisi ya wiki ya juzi. Nilijua ni mkono wako kabla sijafungua: herufi kubwa, zimekandamizwa mpaka zinaonekana upande wa pili wa karatasi. Mwalimu wenu wa elimu ya watu wazima amefanya kazi. Kwa sababu hiyo naanza na ombi. Barua hii usimpe mtu akusomee, hata katekista. Isome mwenyewe, polepole, ukiwa umekaa.

Uliniuliza jambo moja: Yustina akasomee udaktari wapi. Ukaandika, "Mtoto ni wako, mimi nimezaa tu. Wewe ndiye mjomba, amua." Ndivyo ilivyo kwetu na siwezi kuikana desturi. Lakini kabla sijakuambia tulipofikia, lazima ujue ni mjomba wa namna gani uliyemwachia uamuzi.

Vyuo ni viwili. Cha kwanza kiko hapahapa mjini. Serikali inalipa masomo, chakula na kitanda. Akimaliza atapelekwa popote atakapohitajika, hata kama ni mahali pasipo na barabara. Vitabu ni vya kugombania na madarasa yana joto. Cha pili kiko ng'ambo, katika nchi moja rafiki. Wenyeji wanatoa ada na tiketi. Sisi tungetafuta nguo za baridi na vitu vingine, na msimu wako mzima wa korosho ungeishia humo. Maabara ni mazuri, nimeona picha. Masomo ni miaka sita, na katikati hakuna kurudi nyumbani.

Mtaani kwetu kila mtu alikuwa na la kusema. Jirani yangu Mzee Pazi, Mzaramo, ambaye amejipa utani na watu wote wa kusini, alikuja barazani akakaa bila kukaribishwa.

"Mwacheni aende," alisema. "Ila Mmakonde akiona theluji atadhani nazi iliyokunwa. Atatafuta kifumbu achuje tui."

"Na nyie Wazaramo mkiiona mtaipigia ngoma," Yustina alimjibu.

"Tutaipigia, mwanangu, kwani ina kosa gani?"

Tulicheka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu moyoni nilikwishakata shauri: ng'ambo. Nilimpa Yustina sababu nne, nikazipanga kama ninavyopanga habari gazetini, iliyo nzito mbele. Alisikiliza zote. Halafu akasema, "Mjomba, hizo ni sababu za kwenda. Sijasikia sababu ya kutokubaki."

Sababu nilikuwa nayo. Nimekuwa nayo miaka tisa.

Jumatano ya wiki iliyopita chuo cha hapa kiliwaita vijana waliochaguliwa, wakaonyeshwa mabweni, maktaba na madarasa. Yustina alirudi mchana. Tulikula, wifi yako akaondoa vyombo, naye akabaki amekaa mkekani ananitazama.

"Walituonyesha chumba wanachojifunzia mwili," alisema. "Kuna mifupa ya mtu mzima imeungwa kwa waya, imetundikwa kwenye ndoano. Mtunza chumba akatuambia, huyu ndiye mwalimu wenu wa kwanza, ila mkimhesabu vizuri mtakuta mfupa mmoja umepungua."

Nilimuuliza mfupa gani. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida, nadhani.

"Ncha ya kidole gumba. Mkono wa kushoto."

Dada, wewe na mimi tunajua ni nani aliyekuwa na kidole kama hicho. Tezo lilimpiga Kosmasi akichonga mpingo, kabla hamjaoana, na wewe mwenyewe ndiye uliyemfunga majani. Yustina alikuwa na miaka kumi baba yake alipoondoka. Hajasahau. Hakuniletea mzaha wa mtunza chumba. Alikuja kuniuliza swali, na alikuwa akiangalia uso wangu wakati wa kuuliza.

Sasa nakwambia ninachokijua, kwa mpangilio wake.

Kosmasi alipofika hapa alikaa kwangu wiki mbili. Wenye maduka ya vinyago walimchosha kwa bei zao, akaamua kwenda Tanga kwenye mkonge. Nilimsindikiza mpaka kituo cha basi. Basi lilikuwa bado halijajaa. Nilikuwa na kazi, nikampa mkono, nikaondoka. Sikuliona basi likitoka na sikumwona akipanda. Lakini nilipokuandikia nilisema, "Nimempandisha basi la Tanga." Hilo ni kosa la kwanza.

Siku ya nne nilikuwa ofisini, zamu ya habari za polisi. Askari mmoja alinipigia simu, akanisomea tangazo la maiti. Nakumbuka mazungumzo yote.

"Mwanamume, makamo. Kando ya reli, upande wa Buguruni. Hana karatasi. Ana chale usoni, hizi za kwenu."

"Za kwetu ni za wengi, afande."

"Basi andika hivyo hivyo. Na kidole gumba cha kushoto hakina ncha. Kovu la zamani."

Wazo lilinijia, dada, sitakudanganya kwamba halikuja. Nilijiambia: Kosmasi yuko Tanga, na wachongaji waliojikata vidole ni wengi. Hospitali ilikuwa mwendo mfupi kutoka ofisini. Ningeweza kwenda na kurudi kabla chai haijapoa. Niliandika mistari minne, nikaihesabu ikaenea kwenye nafasi, nikaipeleka kwa wachapaji. Hilo ni kosa la pili, na ndilo kubwa. Nimewafundisha vijana wengi kazi hii, na jambo la kwanza ninalowaambia ni kwamba usiandike maiti ambayo hukwenda kuiona. Wanadhani nilifundishwa na mhariri.

Mwezi wa pili tangu aondoke alikuja mtu wa kwetu kutoka Tanga. Nikamuuliza habari za Kosmasi. Akasema, "Kosmasi yupi? Kule hajafika." Nilikwenda hospitali siku hiyohiyo. Mlinzi wa chumba cha maiti alifungua daftari, akapitisha kidole mpaka kwenye mstari wenyewe. Wasio na ndugu huzikwa na mji, au hupelekwa kwa wanafunzi wa udaktari. Kwenye mstari ule palikuwa na neno moja: Chuo.

Jioni yake nilikuandikia barua. Nilisema Kosmasi pengine amehamia shamba la mbali, na watu wa mkonge si wepesi wa kuandika. Hilo ni kosa la tatu. Katekista alikusomea, na baadaye aliniambia ulishukuru.

Tangu hapo sijapata habari yako isiyokuwa na yeye ndani. Ndugu wa Kosmasi walipotaka kukaa matanga, ulikataa, ukasema hakuna matanga pasipo habari. Ulikuwa na haki. Habari nilikuwa nayo mimi. Watu walipohamishiwa kijiji kipya, wewe ulikuwa wa mwisho kutoka, ukimwambia mwenyekiti kwamba mumeo akirudi atakuta mahame na hatajua njia. Na sasa unaniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba kila Jumapili baada ya ibada unarudi kule, unafagia uwanja, na unaacha mlango bila komeo. Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko ule ulioniomba niamue.

Ndiyo sababu nilitaka Yustina aende ng'ambo. Si maabara. Nilitaka asiingie katika chumba kile. Nilidhani baba yake alikwishapasuliwa na kuzikwa siku nyingi, lakini hata meza sikutaka aiguse. Sikujua kwamba bado yupo.

Nilimweleza Yustina yote haya Jumatano ileile, kwa mpangilio huuhuu. Hakulia na hakunikatiza. Nilipomaliza alisema, "Mjomba, nyumbani wewe ndiye unayeamua. Ulikuwa unaamua peke yako, mimi nikidhani tunaamua wawili." Akainuka, akaenda kumsaidia wifi yako kuosha vyombo. Siku mbili aliniamkia tu.

Ijumaa asubuhi tulikwenda pamoja. Safari hii nilikwenda.

Mtunza chumba ni mtu wa umri wangu, mpole, mwenye maneno. "Huyu nilimkuta," alisema. "Wanafunzi wanamwita Profesa. Hajakosa kipindi hata kimoja." Nilimwomba aniruhusu nitazame kidole. Mfupa uliobaki mwisho wake ni wa mviringo, laini, kama jiwe la mtoni. Mtu akipoteza mfupa baada ya kufa, alinieleza, hapaoti hivyo. Hapo palipona, mtu akiwa hai. Kwenye utosi wa fuvu kuna namba ya wino. Nikaomba daftari la chuo. Namba ile iko kwenye mwezi uleule wa tangazo la maiti na imeandikwa kwamba aliletwa kutoka hospitali, ameokotwa relini, jina halijulikani.

Gazetini ningeandika "inaaminika". Kwako naandika: ni Kosmasi.

Yustina alisimama mbele yake. Kisha akaushika mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili, akasema, "Shikamoo, baba."

Mtunza chumba alicheka. "Binti, huyo haitikii."

"Najua," Yustina alisema. Hakuuachia.

Yule bwana alitutazama, mimi na yeye, akaacha kucheka. Akavua kofia. Baada ya hapo alitupeleka mwenyewe kwa mkuu wa idara.

Mkuu wa idara alitusikiliza kwa adabu. Alisema mifupa isiyo na jina ni ya chuo, lakini yenye jina ni ya ndugu. Anataka barua yenye mhuri wa mwenyekiti wa kijiji ikimtaja Kosmasi, mwaka alioondoka na kilema cha kidole. Na anataka maelezo ya mke, yaliyotiwa sahihi na mke mwenyewe. Nilitaka kumwambia kwamba utaweka dole gumba. Yustina aliniwahi. "Mama anajua kuandika," alisema.

Tulipotoka nje nilimuuliza ameamua nini, maana karatasi za safari ya ng'ambo zilitakiwa kurudishwa Jumamosi. Alikuwa nazo mkobani, hazijatiwa sahihi.

"Nabaki," alisema.

Nikamwambia kwamba baba yake akishazikwa hatakuwa na sababu ya kubaki. Kule kuna vitabu, kuna maabara.

"Mjomba, mara ya mwisho mtu wa nyumba yetu kusindikizwa kituoni, mama amefagia uwanja miaka tisa. Nikipanda ndege hiyo ataanza kunifagilia na mimi." Kisha akasema, "Na wale walioko kwenye meza pale wanatoka wapi? Wanatoka kwetu. Wengine wana chale. Nitakuwa mwanafunzi mmoja anayeuliza waliokotwa wapi na nani alikwenda kuwaona."

Neno hilo la mwisho lilikuwa langu, na alikusudia nilisikie.

Jumamosi nilitia sahihi fomu ya chuo cha hapa. Sahihi ni ya mjomba, kama desturi inavyotaka. Uamuzi ni wake. Lakini mama ni wewe, na hukuwa unajua uliponiachia. Ukikataa, niandikie kabla ya mwezi kwisha, nami nitakwenda kuiondoa fomu nikiwa nimesimama mbele yake. Kama na mimi hutaki tena kuniita mjomba wa mtoto huyu, andika hivyo pia. Sitakutumia mzee wa kuniombea.

Amua pia azikwe wapi. Yustina anataka kijijini. Mimi ningependa akalale kule kwenye nyumba ya zamani, chini ya mikorosho aliyoipanda, lakini sina haki ya kupenda. Ukiniruhusu nitamleta mimi mwenyewe. Njia nzima sitashuka kwenye basi.

Nisalimie mama mdogo, mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Msalimie mwenyekiti, na umwombe barua yenye mhuri bila kumweleza zaidi ya unavyotaka. Mwalimu wako wa kusoma mpe shukrani zangu. Hajui amenifanyia nini. Ndugu za Kosmasi usiwaambie kwa niaba yangu. Hao nitawaambia mimi, uso kwa uso.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha gazeti, kimegeuka rangi. Ni mistari minne ileile. Jina langu halipo, habari fupi hatuzitii majina, lakini ni kazi yangu.

Jumapili ukirudi kule mahame, fagia uwanja kama kawaida, kwa ajili ya watakaokuja kukaa matanga. Ukimaliza, dada, tia komeo.

Ni mimi mdogo wako, ninayengojea neno lako,
Gaspari