Mwenyekiti Tuliyemchagua

Jumamosi, 7 Desemba 2013
Chapati zimeisha kabla kikao hakijaanza. Wakazi wa mtaa wetu hapa Malakia hukutana mbele ya kibanda changu cha chai, na hata sisi wageni Waganda tunaruhusiwa kupiga kura. Leo tumechagua mwenyekiti. Hakuna karatasi: unasimama nyuma ya unayemtaka, watu wote wakikuona. Nilisimama nyuma ya Mama Nyaluak, jirani yangu. Ameshinda. Lado, aliyeshindwa, akataka tuhesabiwe upya. Mara mbili! Mtu huyu angebishana hata na kivuli chake. Simpendi.

Jumatatu, 16 Desemba
Risasi tangu jana usiku. Mizinga pia. Sijafungua kibanda. Jeshi la nchi hii limegawanyika, linapigana lenyewe kwa lenyewe. Sasa askari wanaingia nyumba hadi nyumba wakitafuta watu wa kabila la Mama Nyaluak. Alfajiri aliruka ukuta akaja kwangu. Yuko stoo, nyuma ya magunia ya unga. Lado alimwona akiruka. Alisimama tu uani kwake, akitazama.

Namwogopa Lado kuliko bunduki.

Jumanne, 17 Desemba
Wamekuja. Walimtaka mwenyekiti wa mtaa awaonyeshe nyumba za watu wa kabila hilo. Nikasikia sauti ya Lado barabarani. Nikajua tumekwisha. Nilimziba Mama Nyaluak mdomo kwa kiganja, kumbe aliyekuwa analia ni mimi.

Lado aliwaambia kwa Kiarabu kwamba mwenyekiti ni yeye. Kwamba watu wanaowatafuta walishahama wote, na hapa kwangu anakaa Mganda muuza chai tu. Wakampiga kwa vitako vya bunduki. Hakubadili neno. Wakaenda zao.

Nilimdhania vibaya, basi.

Ijumaa, 20 Desemba
Padri wa kanisa la hapa mtaani amempeleka Mama Nyaluak kwenye kambi ya walinda amani, mama mwenyewe akiwa amelala chini ya viti vya gari. Amefika salama. Nyumba yake wameikomba, hata mlango wameubeba.

Jumamosi, 28 Desemba
Kikao. Tumekuja wachache. Habari zimeenea, kila mtu sasa anamwita Lado mwenyekiti. Wakamsogezea kiti. Jicho lake bado limevimba. Akakasirika, akakasirika kweli.

"Mimi ilishindwa," akasema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha. "Nyinyi wenyewe ndio ilinishinda."

Akakaa mkekani pamoja nasi. Nikaanza kugawa chai.