Swali la Tatu

Jumamosi, Rubaya



Wiki nzima tumepanga kipindi cha redio ya shule juu ya wabeba madini ya koltani. Prof, mwalimu wetu, alinirudishia mpango wangu mara mbili. "Furaha, uko unaandika majibu mbele ya kuuliza. Nani alikuambia wabebaji wote ni wanaume?" Nilinuna. Nani asiyejua?

Leo akatuleta huku chini ya kilima cha machimbo, na sheria moja: kila mtu amuulize wa kwanza anayeshuka kilima, bila kuchagua. Wangu alikuwa mwanamke aliyeinama chini ya mfuko, kamba kwenye paji la uso. Nikanyoosha simu ya kurekodi. "Mama, pole na mzigo." Akainua kichwa.

Ni mama yangu. Yeye ambaye kila wiki anatuaga nyumbani Nyamitaba, ati anaenda kuuza maharage.

Nilisoma maswali kama yalivyoandikwa. Swali la tatu nililitunga mwenyewe, tena nikajivunia: "Watoto wako wanajua unafanya kazi hii?"

Aliitazama simu, hakunitazama mimi.

"Leo njo wamejua."