Risala ya Baba

Jumatatu, 14 Julai 2025

Chaki zimeisha tena. Kidato cha pili kelele tupu, koo linaniwasha. Mkuu wa shule kaniita: Ijumaa ya wiki ijayo ni Siku ya Mashujaa, anataka mzee aliyepigana vita vya Kagera azungumze na wanafunzi. Yaani baba yangu. Hapa Didia hakuna mwingine aliyebaki. Nimerudi nyumbani kwa maringo. Miaka kumi na miwili nafundisha vita vile, kumbe shujaa ninaye mwenyewe, anakula michembe yangu ya viazi vikavu.

Alhamisi, 17 Julai

Tumefanya mazoezi. Nikamwomba aanze na cherehani, maana ndiyo hadithi ya nyumba yetu: Waganda walimpa kwa shukrani, mama akashonea sare za shule, mimi nikasoma mpaka chuo cha ualimu. Baba akasema, "Sikupewa. Nilimpiga fundi risasi, nikaichukua."

Mapigano yalikuwa yameshapita mji ule wa Uganda. Fundi hakuwa na silaha. Alikuwa na futi shingoni.

Nina hasira naye. Si angekufa na siri yake tu?

Jumamosi, 19 Julai

Leo kamalizia, mimi nikifua. Kwetu Wasukuma aliyeua mtu haingii nyumbani mpaka aoshwe kwa dawa. Baba aliporudi vitani, bibi, mama yake, alikuwa ameshaiandaa. Baba kasimama nje ya ua wa minyaa, cherehani kichwani, anangoja. Katibu wa kijiji akamfokea bibi: wanaooshwa ni wauaji, huyu ni shujaa. Dawa ikamwagwa. Ngoma zikapigwa, ng'ombe akachinjwa, baba akaingia hivyohivyo. Hakuna aliyemuuliza kaua nani.

Miaka arobaini na sita anamwota yule fundi. Mwezi uliopita kaenda kwa mganga wa Tinde. Akaambiwa haoshwi mpaka aseme kosa lake mbele ya watu. Ndiyo maana alikubali haraka kuja shuleni. Mimi nikadhani ni fahari. Mjinga mimi.

Jumanne, 22 Julai

Nimemweleza mkuu. Kaniuliza kama kazi naitaka au siitaki. Afisa elimu atakuwepo, viongozi wa kata watakuwepo.

Nimeandika risala. Kurasa mbili. "Hatukumgusa raia hata mmoja." Nimeandika mimi, kwa mkono huu. Nikamwambia baba asome hiyo, asiongeze neno.

Kaisoma mara mbili, polepole. "Wewe ndiye mwalimu," akasema. Bila ukali. Bora angenitukana.

Ijumaa, 25 Julai

Kasoma yote. Neno kwa neno. Kwenye neno "raia" sauti ikakwama, akakohoa, akasoma. Makofi mpaka basi. Kapewa cheti na blanketi. Nililia, wakadhani ni furaha, afisa akanishika mkono kunipongeza kwa malezi niliyopata.

Ningeweza kusimama. Nilikuwa mstari wa mbele, hatua tatu tu. Sikusimama.

Jumapili, 27 Julai

Baba hajaingia ndani tangu juzi. Kakaa nje ya minyaa, kwenye gunia, kajifunika koti lake kuukuu. Nimemsihi, nimemfokea, nimepiga magoti. Nimemwambia nitamtafutia watu wengine awaambie, hata kanisani. Kasema watu walikuwa pale Ijumaa na yeye kawadanganya, sasa nani atamwamini.

Sijui nimeua nini mimi. Sijui nani ataniosha.

Jumatatu, 28 Julai

Asubuhi baridi. Nimempelekea uji, kanywa nusu. Kipindi cha kwanza ni changu, Kidato cha pili, vita vya Kagera. Sijaandaa somo.

Wanafunzi wamepita njiani wakielekea shuleni. Wakasimama mbele yake, wakavua kofia. "Shikamoo, babu shujaa."

Baba hakuitikia. Wakasubiri, wanatazamana, hawajui waondoke au wabaki. Nikaona haya. Nikaitikia marahaba mimi, kutoka jikoni, wakaenda zao.