Jinsi Bi Somoe Anavyomenya Mahindi

Jumamosi, Mei. Jua limewaka tangu asubuhi baada ya siku nne za mvua, na matope ya njia ya kwenda shambani yameanza kukauka. Mwili umechoka, moyo umetulia. Niandike sasa kabla jua halijazama, maana mafuta ya taa yamebaki kidogo.

Wiki nzima nilikuwa na wasiwasi ambao sikumwambia mtu. Jumatatu ilikuja barua kutoka kwa Mratibu wa Elimu ya Watu Wazima: angefika leo kulitazama darasa langu la akina mama. Akikuta hawafiki hata nusu ya walioandikishwa, darasa lifungwe, nami nihamishiwe kijiji kingine upande wa Ruhembe. Walioandikishwa ni thelathini. Wiki iliyopita walikuja saba.

Sababu naijua. Ni mahindi.

Unga wa mwaka jana umekwisha katika nyumba nyingi, na mahindi mapya hayajakauka. Kwa hiyo tangu palizi ya pamba ya kijiji ianze, chakula cha mchana cha wote wanaolima ni mahindi mabichi ya kuchemsha na chai ya rangi. Akina mama ndio wanaopika. Wanamenya magunia kwa magunia, wanatoa nywele zilizonasa katikati ya punje, wanachemsha, wanagawa, wanaosha masufuria. Darasa linaanza saa tisa. Saa tisa wao bado wamekaa chini, maganda yamewafika magotini.

Nakiri kwamba mwanzoni niliwalaumu. Humu humu niliandika kuwa hawana nia ya kusoma. Leo nimeurudia ukurasa ule nikaona aibu. Mimi nimelelewa milimani, kwenye nyumba za misheni, mama yangu akipikia watu sita. Ningejua nini kuhusu kupikia kijiji kizima?

Jumatano nilikwenda kwa Bi Somoe. Ni mama wa makamo, mjane, anakaa nyumba ya mwisho karibu na mto. Aliumwa na nyoka alipokuwa msichana, na vidole vya mkono wake wa kushoto vilijikunja, havifunguki mpaka leo. Wenzake walimtoa kwenye zamu ya kupika, kwa wema kabisa, wakisema kumenya kutamtesa. Darasani nako aliacha kuja mwezi uliopita. Nilijua sababu, au nilidhani naijua: anaona haya kuhangaika na daftari kwa mkono mmoja mbele ya watu.

"Shikamoo, Bi Somoe."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Umenikuta naipua mahindi, utakula."

Nikakaa. Akatoa kwenye sufuria hindi lenye maganda yake, likifuka moshi. Nilidhani amesahau kulimenya. Akaliacha lipoe kidogo, akalilaza juu ya kigogo, akalishikilia kwa kiwiko cha kushoto. Kwa mkono wa kulia akainua panga, akakata upande wa kikonyo, juu kidogo ya pale punje zinapoanzia. Kisha akaweka panga chini, akashika ncha ya juu, pale penye nywele, akalining'iniza juu ya ungo, akatikisa mara mbili.

Hindi likateleza likatoka lenyewe.

Lilitoka safi. Hata unywele mmoja haukubaki. Maganda na nywele vyote vilibaki mkononi mwake kama soksi iliyovuliwa. Nikalishika, nikaligeuza huku na huku kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Nilipouma, lilikuwa tamu kuliko yote niliyokula mwaka huu, maji yake yote yamo ndani.

Nikamwuliza nani amemfundisha.

"Nani anifundishe? Nilikuwa na njaa na nina mkono mmoja. Nikalitupa motoni na nguo zake, basi."

Nikamwomba aje leo awaonyeshe wenzake. Akakataa. Alisema hawezi kujipeleka mahali alipotolewa. Nilipombembeleza sana akasema atakuja kukaa tu, kazi ya kusema niifanye mimi.

Ndivyo tulivyofika kwenye siku ya leo.

Saa nne asubuhi nilikuwa jikoni, chini ya kile kibanda cha makuti kando ya shamba. Magunia sita yalikuwa yamemwagwa. Akina mama kumi na wanne walikuwa wakimenya, na rundo halikuonyesha kupungua. Bi Mwanahawa, mkuu wa wapishi, alikuwa katikati yao, mikono haitulii. Huyu ni mwanamke anayeweza kupikia harusi mbili siku moja, na analijua hilo.

Nikamwamkia, nikamwambia tuyachemshe na maganda yake.

Akaweka chini hindi alilokuwa akimenya. "Mwalimu, leo tuna mgeni kutoka Kilosa. Unataka nimpe chakula cha ng'ombe?"

Wakacheka wote. Nami nilicheka, maana sikuwa na la kufanya. Halafu nikasema, kwa sauti iliyonishangaza mwenyewe, kwamba naomba sufuria moja tu. Ikiharibika, mahindi yale nitayala mimi, wiki nzima.

Akanipa sufuria ndogo kuliko zote. Hapo tukagundua shida ambayo sikuwa nimeifikiria: mahindi yenye maganda yanajaza sufuria upesi. Bi Somoe alikuwa amekaa pembeni juu ya gunia tupu. Bila kuinua macho akasema, "Vueni yale ya nje magumu. Mbakize mawili matatu laini." Tukafanya hivyo, yakaenea. Nikafunika, nikatazama saa yangu. Nusu saa.

Sijawahi kuona nusu saa ndefu kama ile.

Tulipoepua, mimi ndiye niliyekata la kwanza. Nilikata chini mno, kwenye kikonyo, maganda yakabaki yameshika, na hindi halikutoka. Bi Mwanahawa akaguna. Nikakata la pili kama nilivyoona Jumatano, nikashika ncha, nikatikisa. Likaangukia kwenye ungo, pu, jeupe, linang'aa.



Bi Mwanahawa akaliokota, akalipuliza, akalitazama katikati ya punje, sehemu ile ambayo huwa inamtoa jasho kwa nywele. Akauma. Akatafuna taratibu, akameza. Kisha akageuka akawaambia wenzake, "Acheni kumenya. Leteni mapipa."

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kama maji. Mapipa mawili yaliyokatwa nusu yalijazwa, wawili wakashika mapanga, wengine wakatikisa, vicheko mpaka kwenye mistari ya pamba. Saa saba kasoro watu walikuwa wanakula. Saa nane vyombo vilikuwa vimeoshwa, na akina mama wengine walipata nafasi ya kwenda nyumbani kubadilisha kanga.

Sasa niandike lile ambalo ningependa kuliruka.

Wakati wa chakula Mwenyekiti wa kijiji alisimama kumkaribisha mgeni. Akasema kijiji kimepata bahati ya mwalimu msomi, ambaye leo amewaletea akina mama maarifa mapya ya kupika. Watu wakapiga makofi. Mratibu akanipa mkono, akasema hii ndiyo elimu yenye manufaa. Nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu, nikasema asante.

Asante!

Bi Somoe alikuwa hatua tano kutoka nilipokuwa. Hakuninunia. Alimaliza hindi lake, akajifuta mdomo kwa pembe ya kanga, akainuka kuelekea mtoni.

Nikaweka hindi langu chini. Nilijiambia nitasahihisha baadaye, kwa faragha, nimwombe radhi nyumbani kwake. Lakini sifa nilipewa mbele ya watu. Radhi ya faragha ingemsaidia nani, kama si mimi?

Nikamkimbilia. Nikampata kwenye kona ya ghala.

"Bi Somoe, nisamehe. Nimechukua kitu chako."

"Si wewe uliyesema nao? Nilikuambia useme."

"Nilipaswa kusema ni chako. Njoo darasani, tafadhali. Kaa tu."

Akaendelea na njia yake ya mtoni. Lakini saa tisa ilipofika alikuwa amesimama mlangoni.

Darasani walikuwa ishirini na saba. Niliwahesabu mara tatu. Mratibu alikaa kwenye kiti nilichokiazima, akafungua daftari lake. Kabla ya somo nikasimama mbele, nikasema: "Ndugu Mratibu, ndugu zangu, mchana nilipokea sifa isiyo yangu. Njia ile ya mahindi ni ya Bi Somoe. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, na hindi la kwanza mliona nilivyolikata."

Walicheka, lakini kicheko kizuri. Bi Mwanahawa hakucheka. Alisimama, mwanamke yule mwenye makuu, akageukia mlangoni. "Somoe, mimi ndiye niliyekutoa kwenye zamu. Nilidhani nakuonea huruma. Jumatatu uwe kwenye mapanga, mimi nitachochea moto."

Bi Somoe akavuta kanga usoni, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma. Sijui alikuwa analia au anacheka.

Mratibu aliwaita mmoja mmoja kusoma ubaoni. Ishirini walisoma bila kusaidiwa. Wanne walikwama, wakasaidiwa na wenzao kwa minong'ono niliyojifanya sikuisikia. Watatu hawakuthubutu kujaribu. Alipofunga daftari akasema darasa litaendelea, na kwamba ataomba tuongezewe vitabu. Nilimsindikiza mpaka gari lake, nikarudi nikikimbia kama msichana wa darasa la tano.

Bi Somoe alikuwa bado amekaa peke yake kwenye benchi la nyuma. Nikakaa karibu naye, nikaanza hotuba yangu: kwamba mkono si kitu, kwamba hakuna wa kumcheka, kwamba nitamtafutia kibao cha kuegemezea daftari.

Aliniacha nimalize.

"Mwalimu, mkono huu nimeishi nao miaka yote, haujanizuia kitu. Mimi niliacha kuja kwa sababu huku nyuma ulikoniweka sioni ubao. Macho yameanza kufifia."

Mwezi mzima nimemhurumia mtu kwa shida asiyokuwa nayo, na shida aliyokuwa nayo sikuiuliza.

Jumatatu atakaa mbele kabisa, na nitaandika herufi kubwa. Halafu nitawauliza wale watatu ambao hawakujaribu kusoma leo ni nini kinachowazuia, kila mmoja kwa zamu yake, na nitanyamaza mpaka wajibu.