Farasi wa Minza na vigelegele nilivyovimeza

Jumamosi, Bariadi. Tangu asubuhi ni upepo na vumbi. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una kitambaa, kwa hiyo nikikosea herufi mnivumilie. Na darasa la saba langu ni lile lile.

Leo binti yangu Minza amepanda farasi mbele ya watu wote wa maonyesho ya wakulima. Ndiyo, Minza, niliyemzaa mimi. Anatunza farasi kwenye ranchi moja huko Meatu, upande wa Bukundi. Nani mwingine hapa mjini ana mtoto wa hivyo? Simwoni.

Niliwahi kufika uwanjani, nikamwona huyo farasi kwa karibu. Jike, rangi ya majivu, wa jamii ya Kiarabu. Minza anasema ni jamii ya kale sana, watu wa jangwani walikuwa wanalala nao hema moja. Sasa mimi nimekulia zizini kwa baba, mnyama namsoma. Nilitegemea kitu kizito kama nzagamba, fahali wetu wa nyumbani. Kumbe mdogo! Kichwa kifupi, uso umebonyea katikati kama umekandwa kwa kidole gumba. Matundu ya pua mapana, macho makubwa yametokeza pembeni. Shingo imepinda vizuri, mgongo mfupi, na mkia anaubeba juu, anaringa. Chini ya yale manyoya ya majivu ngozi ni nyeusi kama yangu.

Hapo nikampenda.

Lakini masikio. Hayatulii, kila moja linasikiliza upande wake.

"Mama," Minza akaniambia, "huyu ana akili na hasahau. Spika na ngoma ameshazizoea. Sauti kali ya ghafla ndiyo hapana. Kijana aliyekuwa anampanda kabla yangu alirushwa kwa sababu mtu alipiga mluzi tu. Akavunjika bega. Kwa hiyo nakuomba, usipige vigelegele."

Mimi! Nisipige vigelegele!

Si mnanijua. Bibi harusi wa mtaa huu hatoki ndani mpaka nimefika. Lakini niliangalia shingo ya mwanangu, nyembamba vile, nikaapa.

Alipoingia uwanjani juu ya yule mnyama, mgongo umenyooka, kifua changu kilitaka kupasuka. Nikauma kona ya khanga. Mtangazaji alikuwa ameambiwa awatulize watu. Akasahau.

"Mama mzazi yuko wapi? Mbona hatusikii vigelegele? Au binti ni wa kuokota?"

Watu wakacheka. Farasi akasimama ghafla. Shingo juu, pua zimefunguka mpaka unaona wekundu wa ndani, miguu ya mbele inacheza. Nilidhani Minza atavuta hatamu. Hakuvuta. Alizilegeza, akainama, akawa anamsemesha sikioni kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

Wifi yangu Ngolo, tumekaa naye bega kwa bega, akanigeukia. "Wifi, leo umemeza ulimi? Kwenye kipaimara cha mtoto wa watu ulitutoboa masikio!"

"Nyamaza, wifi. Nakuomba."

"Kumbe unamwonea wivu mwanao? Basi mimi shangazi yake nitampigia."

Akainua kidevu, akavuta pumzi. Sikuwaza. Nilimziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu zote nilizonazo.

Akaning'ata.

Jamani, wifi ana meno. Niliona nyota mchana, lakini mkono sikuutoa. Nyuma yetu mtu anasema, "Hawa mama wanapigana," mwingine anatoa simu aturekodi. Mimi macho yangu yako kwenye yale masikio tu. Yakageuka upande wetu yote mawili. Yakakaa hapo. Halafu, taratibu, moja likarudi nyuma kwa Minza, na la pili likafuata.

Farasi akatembea. Akazunguka uwanja mzima na mkia wake juu, akatoka.

Wifi aliondoka bila kuaga, na njiani anatangaza kwamba nimemziba mdomo kwa roho mbaya. Sikumfuata. Nilibaki nafunga mkono kitambaa.

Jioni hii Minza amenitumia ujumbe wa sauti. "Mayu, mama yangu, tumefika salama. Amekula, ametulia. Nilikuona na shangazi. Wabeja, asante sana."

Nikatoka uani nikavipiga vigelegele vyote, vya tangu asubuhi, mpaka kuku wakakimbia. Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Mama Minza, nani kajifungua?"

"Mimi," nikamjibu.

Kesho nikitoka kanisani nitapitia kwa wifi na mchele mzuri. Radhi nitaomba, amemlea Minza pamoja nami. Ila kitambaa sikifungui. Aone na yeye alichofanya.