Chupa Isiyoonjwa

Kashai, Bukoba
Jumanne jioni

Mama yangu Ephrasia,

Kasinge waitu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza kelele na mvua imekikumbuka kibanja chetu. Mimi huku sijambo, isipokuwa miguu, ambayo habari zake ziko mbele. Cherehani inafanya kazi na mwenye nyumba hajapandisha kodi. Jumapili sikwenda kanisani, na sababu utaisoma. Nakuomba usikasirike kabla ya kufika mwisho.

Nimeandika badala ya kupiga kwa kuwa simu yako ina ugonjwa. Nikiuliza habari za kuku tunasikilizana vizuri. Nikitaja baiskeli, mtandao unasumbua na simu inakatika. Karatasi haikatiki, mama.

Wakati wa Pasaka ulitangaza mbele ya akina mama wa kwaya kwamba baiskeli ni ya kubebea ndizi, si ya binti wa Kilutheri kuinamia huku watu wakimtazama, na kwamba kwa mambo hayo hutatoa hata tone la maji. Nililia njia nzima kurudi Bukoba. Halafu nikaendelea na mazoezi, maana ukaidi nao nimeurithi.

Aliyenifundisha ni mchuuzi mmoja wa ndizi anayekaa Bilele, jina lake Kyaruzi, ambaye ameshindana miaka mingi. Alinikuta nikihangaika na baiskeli ya kuazima, siti iko chini, magoti yanataka kunigonga kidevu. Akasema atanifundisha bure. Neno hilo ndilo lililoniharibia usingizi, kwa sababu wewe mwenyewe ulinilea ukisema bure ni ghali.

Kwanza akaipandisha siti mpaka nikawa nagusa ardhi kwa vidole tu. Nikasema moyoni, huyu anataka nianguke. Akaing'oa keria ya nyuma akidai kwenye mashindano haubebwi mkungu wa mtu, nami nikamfuata nione anaipeleka wapi. Akaniagiza nikae nyuma ya gurudumu lake, karibu kiasi cha kuogopesha, ili anikinge upepo. Hapo nikaona ananizoeza kuwa wa nyuma. Isitoshe ana dada yake, Felicitas, naye anashindana, na sote tulikuwa tunawania kitu kimoja: wanawake watatu wa kwanza kutoka Muleba hadi Bukoba wangechukuliwa na klabu, wapewe baiskeli nzuri na mwalimu. Niambie, ni nani anayemnoa mpinzani wa dada yake? Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako.

Siku moja akaniuliza kama goti la mama limepona. Sikuwahi kumwambia kwamba nina mama, sembuse goti lake. Tangu siku hiyo nilikuwa nalala na baiskeli chumbani, imeegemea kitanda, na kila asubuhi nakagua breki kabla hata ya kunawa uso.

Jumapili tuliondoka Muleba wanaume na wanawake pamoja. Nilijibanza nyuma ya Kyaruzi, na kwa kweli upepo ulikoma kama mtu aliyefunga mlango. Mpaka tunapita Muhutwe nilikuwa wa tatu kati ya wanawake. Lakini kwa ugeni wa mambo, mama, maji yangu nilikuwa nimeyamaliza yote mapema, na jua halikuwa na huruma. Kilima kilipoonekana, Kyaruzi alipunguza mwendo, akaninyooshea chupa, akaniambia ninywe kabla hatujaanza kupanda.

Hakuonja.

Wewe unajua mila yetu. Mwenyeji hunywa kwanza ndipo ampe mgeni, hata kama ni rubisi ya arusi, ili kuondoa shaka. Nikamwambia aonje. Akasema hawezi. Hakueleza, pumzi haikumtosha. Niliipokea ile chupa nikaitupa kwenye majani, nikamwambia akampe Felicitas.

Kile kilima kilinimaliza. Nilishuka nikasukuma baiskeli kama mtu mwenye mzigo wa ndizi, na wanawake wawili wakanipita, Felicitas akiwa mmojawapo. Aliniambia pole na sikumjibu. Nilifika Bukoba wa tano. Nafasi nikaikosa.

Kyaruzi alifika nyuma yangu, yeye ambaye hushindana na wa mbele. Alikuwa amegeuza kwenda kuitafuta chupa. Aliniwekea mkononi akaniuliza nyumbani kwetu tunakula nini hata tukawa hivi, kwa maana aliyempa chupa hiyo alimwapia kwamba akiifungua asikanyage tena kibanjani kwake kununua ndizi. Nikafungua kifuniko. Chini yake palikuwa na kipande cha jani kavu la mgomba, limekunjwa na kufungwa kwa kamba nyembamba ya mgomba, vile ambavyo mtu mmoja tu Muleba nzima hufunga mdomo wa chupa ya samli.

Nilikaa chini pale pale kwenye lami. Ilikuwa juisi ya ndizi mbivu, ile unayoikamua kwa nyasi. Ndipo akanieleza kwamba ni wewe uliyemtuma tangu mwanzo, ukamwambia kuna binti Kashai atavunjika shingo asipopata wa kumwonyesha. Nikamuuliza malipo yake. Akacheka, akasema hajawahi kupewa mikungu mizuri namna hiyo.

Nilikasirika, nikalia, nikanywa yote. Kiapo chako umekitunza, mama. Hukutoa maji, ulitoa juisi. Ila nafasi yangu imebaki kwenye majani ya Muhutwe, na tuliiacha pale sisi wawili, wewe uliyeogopa kuonekana na mimi niliyeogopa kunywa. Maskini Kyaruzi ametiliwa shaka na mama na mwana. Kwa Felicitas nilikwenda jana kuomba radhi, akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili.

Kuna mashindano mengine baada ya mavuno ya kahawa. Nakuomba usimtume mtu. Simama mwenyewe kando ya barabara, akina mama wa kwaya wakuone, uonje mbele yao, kisha unipe mkononi.

Nisalimie majirani wote, na hao wa kwaya uwasalimie kwa jina langu kamili.

Barua hii analeta Kyaruzi. Bahasha sikuigundisha.

Ni mimi binti yako,
Edvina