Mahindi ya Madoa na Posa Aliyoipokea Mjomba

Kwako Mama yangu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa shauku nyingi. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Marekani imenipasua midomo. Vipi mguu wako? Na mizinga ya vita vya ng'ambo ya Ruvuma, bado mnaisikia hapo Ziwani?

Barua yako imefika. Kwanza nilicheka kwa furaha kuona umeiandika mwenyewe. Kisomo cha watu wazima hoyee! Kisha nikaisoma, nikanuna. Mkono ni wako, Mama, lakini maneno ni ya Mjomba. "Karani wa bandarini ameleta posa, nimeshaipokea. Mtoto arudi. Mahindi hata Ziwani yapo." Namsikia kabisa.

Basi nikueleze mahindi yangu, nawe umweleze. Ndani ya kila punje mna maagizo ya urithi, yanayosema mmea uweje. Katika mahindi ninayopanda mimi mna kipande mvamizi. Hakina kazi ya maana. Huchomoka hapa na kujichomeka pale. Kikiangukia kwenye agizo la rangi, punje hupauka. Kikichomoka punje ikiwa bado inakua, hubaki madoa ya zambarau. Kikiachwa kiruke kitakavyo, kitaharibu maagizo mengi na mmea wenyewe utadhoofu.

Sasa sikia. Baada ya vizazi vichache, safu yangu moja imeanza kutoa punje nyeupe tupu. Mkubwa wangu wa masomo hapa chuo kikuu, bwana mmoja mrefu anayesema kwa kunong'ona, akaniambia, "Ulifungua mifuko. Vumbi la maua ya mahindi mengine limeingia. Ng'oa."

Mama, mifuko ya karatasi tunayovisha maua naifunga kwa mikono yangu, na sikufungua hata mmoja! Nikamjibu mbele ya wenzangu kwamba mvamizi bado yumo. Mmea umeshindwa kumtoa, basi umejifunza kumziba mdomo asiruke tena, ndiyo maana madoa hakuna, na kwa ajili yake umebadilika wenyewe. Wakacheka. Mimi sikucheka, wala sikung'oa.

Nimeomba msimu mmoja, nikapewa. Nitachanganya mahindi hayo na mbegu ambayo mvamizi wake yuko macho. Kama wangu amelala tu, ataamka, na madoa yatarudi. Yasiporudi, masomo yangu yamekwisha; bwana yule amesema waziwazi. Naogopa, sikufichi. Lakini nikiondoka kabla ya mavuno, watasema yule msichana mweusi aliukimbia uongo wake, na safu itang'olewa siku hiyohiyo. Siondoki ng'o.

Najua kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mpwa. Ndiye aliyenishika mkono kunipeleka shule wakati wengine wanamcheka kwa kusomesha mtoto wa kike, na sijasahau. Heshima nitampa mpaka naingia kaburini. Kukubali, sikubali.

Nisalimie Bibi, dada yangu Mwanahawa na wanawe, mwalimu wangu wa chuoni aliyenifundisha Kurani, na jirani yetu muuza samaki, mwambie nawakumbuka changu wake. Mjomba naye msalimu sana, kisha umsomee barua hii yote, usiruke mstari. Posa airudishe. Mahindi yakinisuta, nitarudi nyumbani na aibu yangu; na hata hapo, huyo karani simtaki.

Ni mimi mwanao mbishi,
Zuhura